Shimo Lina Mwenyewe



Wapendwa, wiki hii naomba tufungue Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aya ya 33 na ya 34. Ni mahali ambapo wengi huwa tunaparuka. Sura ya 20 ina Amri Kumi, tunazijua kwa kichwa. Tukifika ya 21 tunakutana na watumwa, fidia, ng'ombe wenye pembe kali na mashimo, na hapo Biblia inafungwa. Lakini anayesema ni Mungu yuleyule, na Waisraeli bado wako chini ya mlima uleule wa Sinai. Agizo ni hili: mtu akifunua shimo, au akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia humo, mwenye shimo atalipa. Hapewi nafasi ya kusema hakukusudia. Hapewi nafasi ya kusema punda angeangalia anakokwenda. Shimo lina mwenyewe.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Yapo mambo ambayo huwa hivyo. Torati, hata hivyo, inaona mbali zaidi ya methali: mara nyingi mchimbaji amelala salama nyumbani kwake, na anayetumbukia ni wa jirani. Kwa Songea ya leo, anayetumbukia ni kijana wa bodaboda aliyempakia mama mjamzito usiku, mvua inanyesha, na shimo limejaa maji hivyo hajui kina chake. Ni mzee anayesukuma baiskeli yenye gunia la mahindi kuelekea Soko Kuu. Hao ndio punda wa jirani tulioagizwa kuwaonea huruma.

Nazungumzia barabara kwa sababu mvua ziko mlangoni. Hapa kwetu huanza Novemba, wakati mwingine zikachelewa hadi Desemba, na hutuaga Aprili. Kila mwaka zikiisha tunahesabu mashimo na kulaumiana. Mwaka huu tuzungumze kabla.

Kwanza tuelewe shimo linavyozaliwa, maana huwezi kutubu jambo usilolijua. Ukimuuliza fundi wa barabara atakuambia kwamba kinachobeba gari hasa ni tabaka za chini: udongo ulioshindiliwa, juu yake kifusi cha moramu, juu yake kokoto. Lami nyepesi tuliyonayo katika mitaa mingi ni ganda la sentimita chache tu. Kazi yake ni kama ya bati la nyumba: halisimamishi ukuta, linazuia maji yasiufikie. Miaka inavyopita jua linaikausha, inapoteza ulaini wake na kupasuka nyufa ambazo hata ukucha hauingii. Barabara bado ni nzima kwa macho. Ndipo mvua inaponyesha, maji yanapenya na kukaa chini, na kila gurudumu linalopita linayakamua yarudi juu yakiwa yamebeba udongo laini.

Nendeni mkaangalie wenyewe siku moja baada ya mvua, lami ikiwa imeshakauka. Mtaona pembeni mwa ufa doa la rangi ya udongo, limetapakaa upande magari yanakoelekea. Huo ni udongo uliokuwa umeibeba barabara. Chini ya doa hilo tayari pana uwazi, na shimo litafunguka baada ya wiki chache. Anayeliona doa hilo mapema akaziba ufa kwa lami ya moto, amemaliza kazi kwa sufuria moja na mchanga kidogo. Anayengoja atahitaji kukata kipande chote cha mraba, kuchota tope, kurudisha kifusi kwa tabaka, kushindilia kila tabaka na kupaka lami upya hadi kingoni. Wapo vijana wanaojaza mashimo kwa udongo na vipande vya matofali wakiomba shilingi mia mbili kwa wapita njia. Siwadharau hata kidogo, wamefanya kitu wakati wengine tunapita. Lakini udongo huo hauvuki mvua ya pili.

Sasa swali la Torati: nani alichimba? Mvua hutoka kwa Mungu, na hutunyeshea wote, wema na waovu. Ila maji yanayoua barabara zetu si ya mvua peke yake. Mji wetu umekaa kwenye miteremko, kwa hiyo maji ya juu ni lazima yateremke, na yalichimbiwa mitaro ili yapite. Mtaro huo ndio tunaoujaza maganda ya miwa, mifuko na pumba. Mwenye nyumba anataka gari liingie uani, anamwaga kifusi juu ya mtaro bila kuweka kalavati, na maji yakikosa njia yanapanda juu ya lami. Mwenye kibanda anaosha pikipiki kando ya barabara tangu asubuhi hadi jioni, kiangazi chote, hivyo ukingo wa lami haukauki hata Agosti. Fundi wa pikipiki anamwaga dizeli na oili chafu palepale anapofanyia kazi. Dizeli huyeyusha lami, maana vyote viwili ni watoto wa mafuta ghafi, na kokoto zinabaki zimelegea mkononi. Na yuko anayekata lami usiku kupitisha bomba la maji nyumbani kwake bila kibali, kisha akafukia kwa udongo na kuondoka. Huyo, wapendwa, Kutoka 21 imemwandika neno kwa neno.

Hii haina maana kwamba serikali haidaiwi. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS tangu mwaka 2000, na za mitaa yetu ziko chini ya TARURA tangu 2017. Kila anayenunua mafuta anachangia Mfuko wa Barabara, na tangu Julai 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Kijana wa bodaboda anayejaza lita mbili pale Bombambili amelipia barabara yake. Ana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa mtaa fedha zimefanya nini, tena aulize kwa sauti na bila woga. Songea ni miongoni mwa miji iliyoingia awamu ya kwanza ya mradi wa TACTIC wa miundombinu ya miji, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo utalipwa na wajukuu. Ingekuwa aibu kubwa wao walipe deni la barabara ambayo sisi tuliimaliza kwa takataka.

Wazee mnakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya lami ya Makambako kufika hapa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Kupanda Lukumburu masika ilikuwa safari ya kuaga watu. Baadaye, kwa msaada wa Marekani, ikaja lami ya Songea hadi Namtumbo na ya Peramiho hadi Mbinga. Tulishangilia, tukacheza ngoma, viongozi wakakata utepe. Sijawahi kuona ngoma ikichezwa siku ya kuzibua kalavati, na nafikiri hapo ndipo imani yetu inapopimwa. Kutunza ni kazi isiyopigiwa makofi. Yesu alisema aliye mwaminifu katika lililo dogo ni mwaminifu katika lililo kubwa pia, na katika barabara jambo dogo ni ufa.

Niseme neno na wafanyabiashara wa mahindi na wenye malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu ekseli moja yenye matairi manne kubeba tani 10. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hauendi sawa na uzito, unaruka. Ekseli ya tani 12 huiumiza barabara karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Tani mbili za faida kwako ni maisha ya barabara yaliyokatwa nusu kwa watu wote. Anayetoa kitu kidogo kwenye mizani ili apite ameiba, na aliyeibiwa ni mkoa mzima. Akija kuungama, aliungame hilo pia.

Na ninyi mnaotengeneza nyua zenu, maduka, shule, vituo vya mafuta, hata vigango vyetu: msidanganywe na uzuri wa juu. Nimeona pevingi za gharama zimebonyea kabla ya Krismasi ya kwanza, kisa fundi alizipanga juu ya udongo uliomwagwa jana bila kushindiliwa. Muulize fundi wako kwanza maji ya ua wako yatakwenda wapi. Akijibu kwamba yatatoka barabarani, mwambie hajamaliza kazi. Ua mkavu uliopeleka maji yake kwa jirani haujapata baraka.

Turudi katika Biblia, Nehemia sura ya 3. Ni orodha ndefu ya majina magumu, na wasomaji wa misa huiogopa. Lakini itazameni. Kuhani mkuu Eliashibu na makuhani wenzake ndio wanaotajwa kwanza, wakijenga Lango la Kondoo. Mfua dhahabu alikuwepo, mtengeneza marhamu alikuwepo, Shalumu alikuja na binti zake. Yedaya alitengeneza sehemu iliyoelekea nyumba yake. Benjamini na Hashubu nao wakatengeneza mbele ya nyumba yao, na Meshulamu mbele ya chumba chake. Watu wa kawaida wa Tekoa walimaliza kipande chao wakachukua kingine. Wakubwa wao walikataa kuinamisha shingo wafanye kazi, na Nehemia akaliandika hilo bila kuwaficha. Ukuta wa Yerusalemu uliokaa magofu kwa miaka mingi ulikamilika kwa siku 52. Mfalme wa Uajemi alitoa kibali na mbao za malango. Vumbi lililiwa na watu wenyewe, kila mmoja akianzia mlangoni kwake.

Kwa hiyo naomba hivi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu ni siku ya usafi nchi nzima. Kila jumuiya ndogondogo ichague mtaro mmoja na kalavati moja katika eneo lake, kuanzia Lizaboni hadi Ruhuwiko, Msamala hadi Mfaranyaki, pamoja na ndugu zetu Waislamu na wa madhehebu mengine, maana mtaro ni mmoja. Mwenye ufa mbele ya duka lake auonyeshe kwa mwenyekiti wa mtaa apeleke taarifa TARURA kwa maandishi, na nakala ibaki. Aliyeziba mtaro kwa kifusi aweke kalavati kabla ya Novemba. Makuhani tutaanza saa moja asubuhi kwenye mtaro wa lango la kanisa. Njooni na majembe, koleo na sururu, na taka mtakazozitoa msiziache kandoni mwa mtaro, kwa sababu mvua ya kwanza itazirudisha ndani.