Fadhila ya Mji na Haki ya Hadhira: Tafakuri juu ya Sanaa ya Hadharani

Mshairi anayefadhiliwa na mtawala ni mtu wa kale katika historia ya fasihi ya Kiswahili, na swali linalomwandama ni lile lile: akila kwa mtawala, aweza kumkosoa? Swali hilo huchukulia kwamba ufadhili una pande mbili tu, mtoaji na mpokeaji. Lakini fedha zinapotoka katika hazina ya mji, na kazi ikasimamishwa njia panda, huzuka upande wa tatu, nao ni wale wapitao hapo kila siku. Diwani ya mashairi hufungwa ikarudishwa rafuni. Sanamu ya njia panda haifungwi. Makala haya yanauliza iwapo mji uliokwisha kumlipa msanii umemaliza deni lake.

Kisa kinachofaa kulipima swali hili ni cha South Bronx, jijini New York, mwaka 1991. Tangu 1982 sheria ya jiji hilo imeagiza kwamba asilimia 1 ya bajeti ya baadhi ya majengo yanayogharimiwa na jiji itumike kwa kazi za sanaa. Kwa mujibu wa sheria hiyo, John Ahearn alipewa kazi ya kutengeneza sanamu za kuwekwa mbele ya kituo kipya cha polisi. Ahearn ni mzungu, lakini hakuwa mgeni. Aliishi mtaani humo, na pamoja na mwenzake Rigoberto Torres alikuwa amezoea kuchukua sura za majirani kwa plasta na kuzitundika kwenye kuta za majengo yao. Safari hii alichagua majirani watatu: kijana aliyechutama kando ya mbwa wake, msichana aliyevaa viatu vya magurudumu, na kijana mwingine kifua wazi, mwenye redio kaseti na mpira wa kikapu. Sanamu hizo za shaba nyeusi zilisimamishwa mwezi Septemba. Baada ya siku tano Ahearn mwenyewe aliziondoa, kwa gharama yake.

Wapo wakazi waliozipinga, na wapo maofisa weusi wa jiji lenyewe waliowaunga mkono. Hoja yao haikuwa kwamba watu wa namna hiyo hawapo. Ilikuwa kwamba mtaa una wafanyakazi na wanafunzi pia, na kwamba sura zilizochaguliwa ni zile zile ambazo wageni walikwisha kuubandika mtaa huo. Ahearn aliweza kujitetea kwa uhalisia, maana alifinyanga alichokiona. Utetezi huo una uzito, tena wakazi wengine walizipenda sanamu, na hao watatu walioigwa walikuwa nao wenyeji. Hata hivyo, ukweli wa sura si sawa na ukweli wa mahali. Sura iliyotundikwa ukutani kwa jirani husomwa kama salamu. Ikiinuliwa juu ya jiwe mbele ya kituo cha polisi, yaweza kusomwa kama shtaka. Uhakiki wa uhalisia uliozoeleka vyuoni, unaolinganisha kazi na maisha peke yake, hauwezi kuiona tofauti hiyo.

Hapa nadharia ya fasihi simulizi inafaa kuliko ya riwaya. Katika fasihi simulizi hadhira ipo papo hapo. Huitikia, hukatiza, hukataa. Muyaka bin Haji alikuwa karibu na watawala wa Kimazrui wa Mombasa, na tungo zake nyingi ziliutetea upande wao. Hata hivyo alitunga ndani ya mila ya kujibizana, ambamo shairi hungoja shairi. Ufadhili haukuziba mlango wa jibu. Sanamu za Bronx hazikuwa na mlango huo. Aliyeudhika hakuwa na utungo wa kujibu, ila kelele; na kelele hizo zikamfikia msanii peke yake.

Kitendo cha Ahearn cha kuziondoa ni cha kiungwana, na si haki kukiita woga. Lakini uungwana wake uliliokoa jiji. Jiji liliagiza kazi, likaidhinisha michoro, likalipa. Ulipowadia wakati wa kuzungumza na wakazi, mzigo ukabebwa na mtu mmoja. Kuondoa si kujibu. Sanamu baadaye ziliwekwa katika Bustani ya Sanamu ya Socrates, huko Queens, ambako mtu huenda kwa hiari yake, kama afunguaye kitabu.

Jambo hili linaihusu Kenya moja kwa moja. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za kitamaduni. Zimo katika orodha moja na kamari, leseni za vileo, sinema na maktaba (jirani hao wa sanaa wanastahili makala yao). Kutokana na mpangilio huo, ofisa wa kaunti aweza kumwona msanii kama mwomba leseni, au, bajeti ikiruhusu, kama fundi wa kupamba mzunguko wa barabara. Katika hali zote mbili mpita njia hatajwi. Kaunti inayotenga fedha za sanamu bila kutenga fedha za baraza la wakazi kabla ya sanamu kusimama, na za kazi nyingine ya kuijibu baadaye, imenunua hotuba ya upande mmoja, hata kama mhutubu amezaliwa mtaa huo huo.