Hasira ya Mwanafunzi wa Gredi ya 8

Wanafunzi wa sekondari msingi nchini Kenya, Gredi ya 7 hadi ya 9, wengi wana umri wa miaka 12 hadi 15. Ni umri wa balehe, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo ya tendo kabla halijatendwa, bado haijakomaa. Ukuaji wake huendelea hadi miaka ya 20. Ndiyo maana utani mdogo kuhusu viatu vilivyochakaa huweza kuzua ngumi.

Hasira ikipanda, mwili humwaga adrenalini, moyo huenda mbio na misuli hukaza. Kumhubiria mtoto dakika hiyo ni kazi bure. Kumkemea mbele ya wenzake ni vibaya zaidi, kwani vijana wengi wa rika hili huogopa aibu kuliko adhabu. Mwalimu mwenye busara humtoa kando, hushusha sauti yake mwenyewe, na humwacha avute pumzi na kuitoa polepole. Mazungumzo huja baadaye: nini kilimchoma, mwili ulimpa ishara gani, siku nyingine atafanya nini. Stadi ya kutuliza hasira hufunzwa siku za utulivu, si katikati ya ugomvi.

Kiboko hakifai, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakipiga marufuku. Na hasira isiyopoa kwa majuma mengi huenda ikaficha njaa, msiba au mateso ya nyumbani. Hapo mzazi na mwalimu wa ushauri nasaha wahusishwe mapema.