Ndoo ina historia yake

Chini ya kitanda chetu hapa Nsambya kuna brashi nne zilizochoka. Moja nywele zimekwisha, inafagia majivu ya sigiri. Nyingine inatoa vumbi kwenye cherehani ya mke wangu. Ya tatu inapaka gundi kwenye soli za viatu. Ya nne sijaipatia kazi, lakini kuitupa siwezi. Rola imebaki mpini tu, na huo mpini nimeufunga kitambaa, unashusha utando wa buibui darini.

Mtu akiingia anaweza kusema huyu papa ni bahili. Hapana. Ni hesabu tu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutafuta kazi, lakini sisi wa mjini kodi na chakula tunajitafutia wenyewe. Kwa hiyo brashi haifi siku inapokataa kupaka ukuta sawasawa. Inabadilishiwa kazi.

Zamani niliona hii ni tabia njema isiyo na swali. Kuokoa kitu ni vizuri, basi. Ndoo moja ndiyo iliyonisumbua.

Ilikuwa ndoo ya plastiki ya lita 20, yenye kifuniko. Ilinunuliwa na rangi ya maji, na ukisoma karatasi yake utaona hivyo. Lakini mimi niliichanganyia rangi ya mafuta kwa miezi. Ilipopasuka mshikio nikaiosha na petroli, halafu sabuni, halafu nikaisugua kwa msasa hadi ikang'aa. Mama mmoja jirani, naye Mkongo, akaiona uani.

“Papa, hii haina neno? Nataka ya kuwekea maji ya kunywa.”

“Haina, mama. Chukua.”

Nilijua. Rangi ya mafuta inaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Plastiki nayo inanyonya petroli. Lakini alikuwa anatabasamu, nami nilikuwa nafurahia kuwa mtu anayetoa. Nikanyamaza.

Siku chache baadaye binti yake mdogo akaniambia pale mlangoni, bila ubaya wowote: “Papa, maji yetu yananuka kama nguo zako za kazi.”

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda na jerikani mpya, nikamweleza mama yote. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Si ungeniambia? Ningeifulia nguo.”

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Kutoa ndoo kuukuu halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuipa maisha ya pili kwa kuyaficha ya kwanza. Ukweli usingeniondolea hata shilingi, na ndoo ingepata kazi inayoifaa. Anayepokea kitu kuukuu anastahili kupokea na habari zake, kwa sababu yeye ndiye atakayeishi nacho.

Wengine watasema maskini hana nafasi ya kuchagua, bora apate. Nakataa. Mwenye kidogo ndiye asiye na pesa ya kumtibu mtoto akiugua. Yeye ndiye wa kuambiwa kwanza.

Kuna jambo jingine linaloniudhi. Watu wanapenda kusema mkimbizi naye amepata maisha ya pili, kama vile sisi ni brashi. Mimi nilikuwa mwalimu kule Bukavu. Sasa napaka kuta za watu, na kazi hii naiheshimu. Lakini brashi ikishushwa kutoka ukutani hadi kwenye majivu haiumii. Mtu anaumia, hasa akitakiwa ashukuru na asiseme alikuwa nani. Na si lazima cha pili kiwe cha chini. Kule Katanga, miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Kongo kwenye vitambaa vya magunia ya unga, picha zaidi ya 100. Gunia halikushuka pale. Lilibeba nchi nzima.

Basi nikarudi kwenye kitanda, nikaitoa ile brashi ya nne, ambayo nilikuwa sijaipatia kazi. Nywele zake zimebaki chache, haziwezi ukuta, lakini herufi zinaweza. Kila ndoo inayotoka kwangu sasa naiandika ubavuni. Ile ya mama jirani imeandikwa RANGI YA MAFUTA – NGUO TU. Iko pale uani, imejaa mashati ya shule ya watoto, na yule binti anaisoma kwa sauti kila akipita.