Nyasi Zenye Bunduki

Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii nilifundishwa Uganda tulipokuwa wakimbizi, nikaikumbuka hapa Juba niliposikiliza "War Pigs", wimbo wa hevi metali wa Black Sabbath. Ulitoka 1970, kazi ya vijana wanne wa Birmingham, mji wa viwanda. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na Geezer Butler, aliyetunga maneno, alihofia kwamba vijana wa Uingereza nao wangeandikishwa jeshini. Mwanzoni uliitwa "Walpurgis", usiku wa wachawi. Wachawi wenyewe ni majenerali: wanapanga vita, maskini wanapigana. Waliupiga tena mjini kwao Julai 2025, siku 17 kabla ya mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, kufariki.

Rafiki yangu huuliza, wale hawakusikia hata risasi, wana haki gani ya kuimba vita? Hilo halinisumbui, aonaye nyumba ya jirani ikiungua na apige kelele. Kinachonisumbua ni jinsi wimbo, kama methali, unavyotusamehe upesi sisi wa chini. Mjomba wangu alitumwa vitani baada ya Desemba 2013. Hakupanga lolote. Lakini alirudi na ng'ombe wasio wetu, na mmoja aliuzwa nikalipiwa karo. Nyasi hazishiki bunduki, mjomba alishika. Nikiwalaani majenerali peke yao, nami napona.

Juzi nilimuuliza ng'ombe wale walikuwa wa nani.

"Mwanangu," alisema, "wewe umesoma." Hakuongeza neno.