Bima Ndogo na Amri Kuu



Walimu wetu wa Injili huulizwa mara nyingi: Je, Mkristo akikata bima, amekosa imani? Tena swali la pili hufuata: Mwenye fedha kidogo aanze kukatia nini? Tuyatazame yote mawili, tukiuweka mbele yetu mji mdogo wa Mlangali, wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe.

Tusidhani kwamba jambo hili ni geni. Vikundi vya kufa na kuzikana vimo vijijini mwetu siku nyingi. Kila mmoja hutoa kidogo, na siku ya msiba aliyefiwa hapungukiwi sanda wala unga. Hiyo ni bima, ijapokuwa haina karatasi yenye muhuri. Lakini kikundi cha kijiji kimoja chaweza kumbeba mmoja aliyeanguka; hakiwezi kuwabeba wote wakianguka pamoja. Moto wa kiangazi ukivuka bonde na kuteketeza misindano ya watu wengi, au sakitu ikiua viazi vya kijiji kizima, nani atamchangia nani? Kwa sababu hii watu walitafuta msaada wa walio mbali, ambao moto haukuwafikia. Mji wa Hamburg huko Ujerumani, uliokuwa mji wa Walutheri, uliweka mfuko wa moto wa nyumba mwaka 1676.

Lakini mtu atasema: Mungu ndiye mlinzi wetu, yatosha. Naam, ndiye. Walakini mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther aliandika juu ya swali linalofanana na hili. Aliwakemea waliodharau dawa kwa kisingizio cha imani. Aliona kwamba huko ni kumjaribu Mungu, tena ni kumhatarisha jirani. Nyumba ikiwaka twakimbilia maji, wala hatusemi kwamba kuuzima moto ni kumpinga Mungu. Yusufu alijaza ghala za Misri kabla ya njaa (Mwanzo 41), wala hakuhesabiwa kuwa mtu asiyeamini. Tajiri wa Luka 12 naye alitaka kujenga ghala kubwa, akaitwa mpumbavu. Ghala si kosa. Twapaswa kuuliza, ghala ni ya nani? Yusufu aliweka akiba kwa ajili ya wengi. Tajiri aliweka kwa ajili ya nafsi yake.

Hapo twapata kipimo cha swali la pili. Tumfikirie mtu wa Mlangali mwenye nyumba ya matofali, shamba la misindano, mke na watoto wanne, na pikipiki ya kuchukulia abiria. Baada ya mavuno, fedha yake yatosha bima moja au mbili tu. Moyo wake utaivuta fedha hiyo kwenye misindano, maana ndiyo fahari yake, naye ameingoja miaka mingi. Hatumlaumu. Lakini na ajiulize: Ni hasara ipi ambayo, ikija, itamwangukia mtu asiyeweza kuibeba?

Akijijibu kwa kweli, atautaja ugonjwa kwanza. Mtoto hawezi kungoja mahindi yauzwe ndipo atibiwe. Sheria iliweka Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 2001, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wako wanaonung'unika: Nimelipa mwaka mzima, sikuugua, fedha yangu imepotea. Haikupotea, ndugu. Imemtibu mtoto wa mwenzako, nawe umepewa afya. Je, twataka kuugua ili tupate faida?

Kisha ataitaja pikipiki. Barabarani ile bima ya lazima huitwa bima ndogo, na ile inayolinda hata chombo chenyewe huitwa bima kubwa. Basi angalieni: bima ndogo haimlipi mwenye chombo, humlipa yule aliyegongwa. Ni ndogo kwa bei, lakini imesimama karibu sana na amri ya kumpenda jirani. Anayeendesha bila hiyo amemweka mpita njia kuwa dhamana yake: akimvunja mguu, hasara yote yabaki kwa yule aliyevunjika. Luther, alipoieleza amri ya tano katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia katika kukataza kuua. Alitutaka tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake.

Na misindano je? Ikipatikana bima yake, ni njema. Lakini karatasi haifyeki njia ya kuzuia moto, wala haiwaambii majirani, Kesho nachoma shamba, njoni tusimame pamoja. Bima ya miti yako haiirudishi miti ya mjane wa jirani uliyemwunguzia kwa uzembe.

Yapasa pia kuwa waaminifu. Anayeunguliwa miti 100 akaandika 300 haibii kampuni peke yake. Huwaibia wote waliochangia. Na kabla ya kutia sahihi, ulizeni: Ni hasara gani zisizolipwa? Taarifa hupelekwa kwa siku ngapi? Stakabadhi i wapi? Ninyi walimu, wasomeeni wazee mkataba kama mnavyowasomea barua za watoto wao, ili mtu asidanganywe kwa kutojua kusoma.

Mtume Paulo, katika Wagalatia 6, ataka tusaidiane yanayotulemea, wala hataki mtu amtupie mwenzake yaliyo wajibu wake. Bima iliyochaguliwa vema huyatimiza yote mawili. Lakini haituondolei upendo. Nyumba ya jirani ikiungua usiku, tusianze kuuliza kama alikuwa na bima. Twende kwanza na ndoo. Bwana atupe busara ya kuweka akiba, na mikono iliyo tayari kutoa.