Ndani ya Chaza ni Wapi?

Chaza hatembei kutafuta riziki. Maji yakijaa hufungua ganda, vijinywele vya matamvua yake huanza kuvuta, na bahari humpitia. Chaza aliyekomaa wa pwani ya mashariki ya Marekani, akipata joto linalomfaa, huweza kuchuja hadi lita 190 hivi kwa siku. Na lita moja tu ya maji ya pwani huweza kuwa na bakteria wapatao bilioni. Kwa mnyama wa namna hii, ndani ni wapi na nje ni wapi? Ganda tunaliona na kuligonga, tukadhani mpaka uko pale. Lakini utumbo wake una mlango huku na mlango kule. Kilichomo humo hakijaingia mwilini bado. Ni bahari iliyozungukwa na nyama.

Hata hivyo si bahari ile ile. Watafiti wakilinganisha vinasaba vya bakteria wa utumboni na vya maji yaliyo nje ya ganda, hukuta jamii mbili tofauti, ingawa zinagusana kila dakika. Wengine ni wapita njia. Wengine wamekaa. Ninaowafikiria zaidi ni Cristispira, bakteria wakubwa waliojisokota, ambao Mfaransa Certes aliwaeleza mwaka 1882. Tumboni mwa chaza mna kijiti cha ute ulioganda, kinachozunguka na kumomonyoka polepole huku kikiachia vimeng'enya vya kusaga chakula. Humo ndimo wanamoogelea. Chaza akikaa bila kula, kijiti huyeyuka, na makao yao hupotea. Wanaishi kwa kula kwake. Ukiniuliza kama kijiti hicho ni kiungo cha chaza au ni nyumba ya wengine, nitasema ni vyote viwili, na sioni namna ya kuchagua kimoja bila kuupunguza ukweli.

Sisi tunaowala, basi, tunasema nini tunapotaka chaza "safi"? Katika nchi za Umoja wa Ulaya, eneo la ufugaji hupewa daraja kwa kuhesabu E. coli: ili liwe daraja A, sehemu kubwa ya sampuli haina budi kuwa na bakteria hao wasiozidi 230 katika kila gramu 100 za nyama na maji ya ndani ya ganda. Wanaotoka maeneo ya daraja la chini kidogo wanaweza kuwekwa kwanza kwenye matangi ya maji yaliyotibiwa ili wajisafishe. E. coli hutoka upesi. Bakteria wa aina ya Vibrio, walio wakazi wa baharini, na baadhi yao ni hatari kwa mlaji, hawatoki kwa wepesi huo. Matangi humtoa mgeni, mwenyeji akabaki. Na mgeni huyo alitoka wapi? E. coli ni wa matumbo ya watu na mifugo. Anayewahesabu ndani ya chaza anahesabu mifereji yetu ya maji machafu. Utumbo wetu umefika kwenye utumbo wake, na maji ndiyo yaliyoubeba.

Jambo zito zaidi lilijitokeza Ufaransa. Kuanzia mwaka 2008, chaza wachanga wa aina ya Pasifiki, ambao jamii yao ililetwa huko miaka ya 1970 baada ya chaza wa Kireno kuangamizwa na maradhi, walianza kufa kwa wingi kila maji yalipopanda joto kupita nyuzi 16 hivi za Selsiasi. Mfugaji anayeinua mfuko wake wa kufugia chaza akakuta makombe yaliyoachama hahitaji kufundishwa maana ya hasara. Lakini anachouliza ni swali zito kuliko anavyodhani: ni nani aliyeingia? Palikuwa na kirusi, OsHV-1. Palikuwa pia na Vibrio. Mwaka 2018 watafiti walichapisha mpangilio wa tukio lenyewe: kirusi huzishambulia chembe za damu na kuulegeza ulinzi wa chaza, kisha bakteria huvamia mwili na kumaliza kazi. Wengi wa bakteria hao hawakuhitaji kuingia. Walikuwamo.

Hapa ndipo ninaposhindwa kukubaliana na mazoea ya kugawa vijidudu kuwa wema na wabaya kwa majina yao. Bakteria anayeua leo huenda alikaa kwa mnyama yule yule msimu mzima bila madhara. Kilichobadilika ni ulinzi wa chaza, joto la maji, na msongamano. La msongamano nalikazia, kwa sababu ni letu. Mfugaji akiwajaza wengi katika mfuko mmoja, kilicho karibu zaidi na kila chaza ni chaza mwenzake, na maji anayoyavuta yametoka katika matamvua ya jirani. Mbegu za chaza zikihamishwa kutoka ghuba hii kwenda ile, hazihamishwi peke yake. Maamuzi yanayofanyika katika boti na ofisi huishia kufanya kazi ndani ya utumbo ambao hakuna anayeuona, na ndiyo maana siwezi tena kumhesabu mfugaji, wala mwenye choo kinachomwaga baharini, kuwa watu walio nje ya mnyama huyu.