Uzuri wa Mji na Haki ya Kukaa

Ukiwauliza watu kumi maoni yao juu ya kukaa Charleston, mji wa kale ulio katika pwani ya South Carolina, kusini mwa Marekani, utapata majibu kumi, na kila moja litasemwa kwa moyo kana kwamba hapana jingine. Mmoja atasema hapana mji mwanana kuliko huo. Wa pili atasema ni chungu cha mvuke chenye mbu. Wa tatu atasema si mji tena bali ni nyumba ya makumbusho ambayo watu wamesahau kutoka. Wa nne atanyamaza kwanza, kisha atasema kwamba wazee wake ndio walioujenga, na yeye leo hawezi kulipa kodi ya chumba kimoja ndani yake. Desturi yetu tusikiapo maoni yanayohitilafiana hivi ni kusema kwamba kila mtu na apendavyo, tukaliacha neno hapo. Insha hii yauliza kama ni haki kuliacha hapo.

Wanaousifu wapewe kwanza haki yao, maana hawasemi uongo. Mji huu ulianzishwa na Waingereza mwaka 1670, na baada ya miaka 10 ukahamishiwa kwenye rasi iliyo kati ya mito miwili, Ashley na Cooper. Nyumba zake za kale zina tabia yake: upande mwembamba waelekea njiani, na ubavuni mna baraza ndefu, ghorofa juu ya ghorofa, iliyowekwa ili ipokee upepo wa jioni. Mlango wa njiani, ufunguliwapo, haukuingizi chumbani bali barazani. Mgeni asiyejua hudhani amekwisha kuingia nyumbani, kumbe bado yu nje. Nyuma ya kuta mna bustani, na mbele ya bustani mna malango ya chuma yaliyofumwa kama ukili. Mengi ya malango hayo katika karne iliyopita yalitoka katika kiwanda cha Philip Simmons, mhunzi mweusi aliyezaliwa mwaka 1912 akafa mwaka 2009, na ambaye kazi yake mtu huiona kila apindapo kona. Minara ya makanisa ndiyo ingali mirefu kuliko majengo mengi ya mji wa kale. Mtu atembeaye hapo asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, akasema kwamba hakuona chochote cha kupendeza, huyo atakuwa amefumba macho.

Tena mji umepita katika misiba mingi. Tetemeko la ardhi la mwaka 1886 liliubomoa sana, na mpaka leo waweza kuona kutani vifundo vya fito za chuma zilizopitishwa nyumbani ili kuta zisiachane. Mwaka 1989 ulipigwa na tufani iliyoitwa Hugo. Na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza kwa mizinga ya bandari yake mwaka 1861, ulikaa maskini muda mrefu. Umaskini huo, kwa kinyume cha mambo, ndio uliouhifadhi: wenye nyumba hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Mwaka 1931 baraza la mji likaweka sheria ya kulinda mtaa wote wa kale, ya kwanza ya namna yake katika Marekani.

Wanaoulaumu nao hawasemi uongo. Joto la Julai ni zito kama blanketi lililolowa. Na maji ya bahari huingia njiani hata siku isiyokuwa na mvua, wakati wa bamvua, kwa kuwa sehemu nyingi za rasi hiyo zilikuwa vijito na matope ya ufuoni yaliyofukiwa ili pajengwe. Bahari imepanda kiasi cha sentimeta 30 kwa muda wa karne moja, na yale yaliyofukiwa yanakumbuka asili yake. Mwaka 2019 maji yalifikia kipimo cha gharika mara 89. Kisha wako wageni watembezi, magari ya farasi, na bei ya nyumba ambayo mwalimu au mpishi wa hoteli haisogelei.

Sasa na tuyatazame malalamiko hayo kwa makini, maana hayafanani. Mimi nikichukia joto nawe ukalipenda, hapana aliyemdhulumu mwenziwe. Kupenda kwako hakuniongezei jasho. Lakini wewe ukipenda nyumba ya kale, na wapendao kama wewe wakawa wengi, bei yake hupanda, na aliyekuwamo hutoka. Hapo mapenzi yako na kutoka kwake ni jambo moja lenye pande mbili. Basi si kila hitilafu ya maoni ni hitilafu ya ladha. Nyingine ni kama hitilafu ya watu wawili juu ya mashua: mmoja amekaa ndani, wa pili yu majini ameshika ukingo, ukiwauliza kama mashua ni nzuri, majibu yao hayatapishana kwa sababu ya ladha.

Uzuri huo ulilipiwa na nani? Mali ya Charleston ilikuwa mpunga. Mpunga ulilimwa katika vinamasi vya pwani, nyuma ya maboma ya udongo na milango ya maji, na waliolima walikuwa watumwa kutoka Afrika, wengi wao kutoka nchi za magharibi ambako watu walikuwa wakiujua mpunga toka zamani. Waliutwanga katika vinu vya mbao na kuupeta katika tungo zilizosukwa kwa nyasi. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa mambo hayo. Angepelekwa shambani kule angetambua kila chombo. Zaidi ya watumwa wanne katika kila kumi walioletwa katika nchi ambayo leo ni Marekani waliteremshwa katika bandari hii na visiwa vyake, kwa hesabu ya wanahistoria wengi. Katika miaka ya mwisho kabla biashara hiyo haijakatazwa tarehe 1 Januari 1808, merikebu zilifuatana katika gati la Gadsden, na nyingine zilitoka mbali sana, katika Msumbiji. Mjini mtumwa aliyekodishwa na bwana wake ilimpasa kuvaa kibati cha shaba chenye namba na kazi yake: mchukuzi, mvuvi, mtumishi. Na katika matofali ya nyumba zinazosifiwa mna alama za vidole vya waliyoyafinyanga kabla hayajakauka, na baadhi ya alama hizo ni ndogo, za watoto.

Kwa habari hizi wako wasemao kwamba yaliyopita yamepita, na aliye hai hana deni la aliyekufa. Neno hili lingekuwa na nguvu kama lingesemwa katika mji unaoishi kwa mambo ya leo. Lakini Charleston huishi kwa kuuza ya jana. Mgeni hulipa fedha ili aone baraza, bustani na lango la mwaka 1770. Hawezi mtu kuweka jana yake dirishani na bei juu yake, kisha akiletewa deni la jana hiyohiyo aseme kwamba jana haipo.

Wako na wengine, wenye uchungu wa haki, wasemao kwamba uzuri uliotoka katika dhuluma ni uchafu, na mtu mwema hafai kukaa humo wala kuufurahia. Nawaheshimu, lakini sikubali. Nani aliyeyajenga matofali? Nani aliyekata mbao za baraza na kufua chuma? Mafundi wengi walikuwa weusi, watumwa na waungwana. Tukisema kwamba kazi yao ni uchafu kwa sababu ya aliyewamiliki, tumempa mmiliki hata kile ambacho hakuweza kukichukua, yaani ustadi wao. Walinyang'anywa ujira, tusiwanyang'anye na sifa. Wasusi wa vikapu vya nyasi, ambao mpaka leo hukaa kandokando ya barabara ya Mount Pleasant, ng'ambo ya mto, wakiuza ususi waliorithi kwa bibi zao, hawadhani kwamba kikapu chao kina laana. Kadhalika wenye lugha ya Gullah, ambayo wenye elimu waliiita Kiingereza kibovu mpaka Lorenzo Dow Turner alipotoa kitabu chake mwaka 1949 akaonyesha maelfu ya maneno na majina ya Kiafrika ndani yake, hawakuisubiri ruhusa ya mtu ili waipende.

Basi si kosa kuupenda mji. Swali ni lile alilolileta yule wa nne, aliyenyamaza kabla ya kujibu. Sheria ya mwaka 1931 ililinda kuta. Haikumlinda aliyekaa baina ya kuta. Safu ya nyumba 13 za rangi mbalimbali katika barabara ya East Bay, ambazo kila mgeni huzipiga picha, zilikuwa zimechakaa kabla ya kutengenezwa kuanzia miaka ya 1930, na waliokuwa wakipanga huko wakati wa uchakavu hawakuonekana tena baada ya rangi. Katika mtaa wa Ansonborough, tangu mwisho wa miaka ya 1950, nyumba zilinunuliwa, zikauzwa kwa wenye uwezo wa kuzitengeneza, na wapangaji weusi wakahama. Mwaka 1968 ukumbi mkubwa wa michezo ukafunguliwa mahali palipobomolewa makazi ya wengine. Miaka hiyohiyo njia kuu ya magari ilipitishwa katikati ya mitaa ya watu weusi. Baadaye ikapewa jina la Septima Poinsette Clark, mwalimu aliyezaliwa mjini humo mwaka 1898 na kufukuzwa kazi mwaka 1956 kwa kukataa kujitoa katika chama cha kutetea haki za watu weusi. Kumheshimu mtu kwa jina la njia iliyowabomolea watu wake ni heshima ya ajabu kidogo. Tena njia yenyewe hufurika. Katika rasi ambayo kwa miaka mingi watu weusi walikuwa wengi, leo ni wachache.

Hapa ndipo swali linapokuwa gumu, maana ukimtafuta mkosefu humpati. Aliyenunua nyumba alilipa bei iliyotakwa. Alitengeneza paa lililovuja. Labda aliacha kazi nzuri kwingine kwa kuupenda mji huu. Ukimshtaki mmoja mmoja, kila mmoja ataachiliwa. Na bado jirani amekwenda zake, na kanisa lake limebaki na waumini wanaokuja kwa gari kutoka mbali kila Jumapili. Tumezoea kudhani kwamba pasipo nia mbaya hapana dhuluma. Nadhani mazoea hayo yatupotosha. Wavuvi ishirini wakitega kila mmoja wavu wake kwa halali katika kijito kimoja, samaki watakwisha, na haitakuwa jibu kusema kwamba hapana mwizi. Asiyekuwa na kosa aweza kuwa na wajibu. Wajibu huo si kuhama wala kujichukia, bali ni kutaka kanuni zitakazomwezesha mwingine kukaa, hata kama kanuni hizo zitaipunguzia nyumba yake thamani. Hapo ndipo mapenzi ya mji yapimwapo. Kupaka rangi madirisha ni rahisi.

Kwamba kanuni hizo zawezekana, mfano upo. Baada ya utumwa kwisha mwaka 1865, familia nyingi za watu weusi zilinunua ardhi ya pwani, na wazee wakafa bila wasia, ardhi ikawa ya warithi wote pamoja bila kugawanywa, jambo ambalo kwetu ukoo mwingi unalifahamu. Mnunuzi mwenye hila alihitaji kumpata mrithi mmoja tu, pengine aliye mbali na asiyepaona hapo tangu utotoni, akanunua fungu lake dogo, kisha akaenda mahakamani kutaka ardhi yote ipigwe mnada. Mwaka 2016 South Carolina ilipitisha sheria ya kuwapa warithi wengine nafasi ya kununua fungu hilo kwanza, kwa bei ya haki. Sheria hiyo ina jina la Clementa Pinckney, mbunge na mchungaji wa kanisa la Emanuel mjini Charleston, aliyeuawa ndani ya kanisa lake pamoja na waumini 8 tarehe 17 Juni 2015 na kijana mzungu waliyemkaribisha katika darasa la Biblia. Mwaka 2018 baraza la mji liliomba radhi kwa utumwa, na mwaka 2023 makumbusho ya historia ya Waafrika wa Marekani yalifunguliwa palepale penye gati la Gadsden. Sikatai kwamba radhi na makumbusho vina maana. Lakini sheria ya mirathi humwacha mtu katika kiwanja chake, na kwa mtu wa kiwanja hicho tofauti ni kubwa.

Sisi wa pwani ya Afrika tusisome habari hizi kama za mbali. Unguja ina Mji Mkongwe wake, uliowekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, wenye milango ya nakshi na kanisa lililojengwa Mkunazini mahali pa soko la watumwa. Na huko nako waliouita nyumbani na wanaoulipia kuulala usiku mmoja si watu walewale.

Kwa Charleston swali halina muda mrefu, kwa sababu bahari inapanda. Katika mpango wa wahandisi wa jeshi la Marekani uliokamilishwa mwaka 2022, rasi ilipangiwa ukuta wa kiasi cha maili 8 kuizuia gharika ya tufani. Mtaa wa Rosemont, wa watu weusi, ulio kaskazini kidogo, haukuwamo ndani ya ukuta. Nyumba zake zilipangiwa njia nyingine, kama vile kuinuliwa moja moja. Wachoraji wa mpango wana hesabu yao: hulinganisha gharama ya ukuta na thamani ya mali itakayookolewa, na nyumba za Rosemont ni chache na bei yake ni ndogo. Hesabu yenyewe huenda ni sahihi. Lakini mkazi wa Rosemont ana haki ya kuuliza, kabla ya kujumlisha, bei hiyo ilipataje kuwa ndogo kwake na kubwa kwa mwenziwe aliye ndani ya ukuta.